Ngano za vivuli za Lotte Reiniger: uanze na Sinderela, Mwanamfalme Achmed, au filamu fupi za London?

Umeme ulipokatika usiku, mjomba hakuwa mtu wa kulalamika. Alisogeza kibatari karibu na ukuta, akakunja vidole vyake, na papo hapo mbuzi akatokea anatafuna. Sote tulijua ni vidole. Hata kovu la gumba lake tulilijua. Ila mbuzi akilia, mdogo wetu alikimbilia kujifunika upindo wa kanga ya mama, na hakuna aliyemcheka, maana na sisi mioyo ilikuwa inatudunda.

Mbuzi yule alinirudia miaka mingi baadaye, siku nilipoona filamu ya Lotte Reiniger kwa mara ya kwanza. Mama huyu wa Kijerumani, mzaliwa wa Berlin mwaka 1899, alitumia maisha yake kukata watu, farasi, majini na miti kwenye karatasi nyeusi, kisha akawafanya watembee. Filamu yake ya mwaka 1926 kuhusu Mwanamfalme Achmed ndiyo filamu ndefu ya uhuishaji iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Argentina walitengeneza zao mapema zaidi, kuanzia 1917, lakini zile zimepotea. Ya Walt Disney ya Snow White ilikuja mwaka 1937, miaka 11 baada ya Achmed.

Kila ninapomsifu mbele ya watu naulizwa swali lile lile: nianze na ipi? Wazazi huongeza lao: na watoto je, niwaonyeshe ipi? Ni swali la haki. Reiniger alifanya kazi tangu akiwa msichana hadi uzeeni, na filamu zake hazifanani. Nimeona watu wakianza na isiyowafaa, wakachoka dakika ya ishirini, wakahukumu kwamba vivuli si mambo yao.

Kwa hiyo nimeziweka tatu mezani. Ya kwanza ni Sinderela ya mwaka 1922, ambayo kwa Kijerumani inaitwa Aschenputtel. Ya pili ni Achmed wa 1926. Ya tatu si filamu moja bali ni kundi: ngano fupi zaidi ya kumi alizozitengeneza London kati ya 1953 na 1955 kwa ajili ya televisheni. Nazihesabu kama chaguo moja kwa sababu urefu wao, sauti yao na roho yao ni moja.

Nimeziacha nje mbili zinazotajwa sana. Papageno ya 1935 ni nzuri mno, lakini imetoka kwenye opera ya Mozart, nami hapa nazungumzia ngano. Zile za Dokta Dolittle za 1928 zimetoka kwenye riwaya ya Kiingereza, na Afrika inayoonekana humo ni ile ya kwenye vichwa vya Wazungu wa wakati huo. Anayefanya utafiti azitazame. Mtoto hana haja nazo.

Nimepima kwa nini

Vigezo ni vitano. Kwanza muda, kwa sababu mtoto wa miaka minne na dakika 65 ni maadui. Pili ngano yenyewe: imetoka wapi, na Reiniger ameishika vipi. Tatu sauti na lugha, na kigezo hiki kwetu wasemaji wa Kiswahili kina uzito kuliko wengi wanavyodhani, nitakieleza. Nne, yale yanayoweza kumtisha mtoto au kumkwaza mzazi. Tano ufundi, kwa yule anayetazama huku mikono inamwasha kujaribu.

Kabla hatujaingia, elewa kitu kimoja kinachozihusu zote tatu. Kikaragosi cha Reiniger ni vipande vya karatasi ngumu nyeusi na bamba jembamba la madini ya risasi, vilivyofungwa kwa waya kwenye bega, kiwiko, nyonga, goti. Risasi inakipa uzito kikae palepale kilipowekwa. Kinalazwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kamera iko juu inatazama chini. Anasogeza mkono wa kikaragosi kidogo tu, anapiga picha. Anasogeza tena, anapiga tena. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Akitaka uso uonekane kwa karibu, anakata kikaragosi kingine kikubwa, kichwa na mabega tu, kwa sababu kile kidogo hakifai kukuzwa.

Na nyuso ni vivuli tu, bila midomo inayocheka. Huzuni ya mtu unaisoma shingoni, jinsi alivyoiinamisha. Kiburi unakiona kwenye kidevu. Mtazamaji anamalizia mwenyewe kilichobaki, kama tulivyomalizia sisi ndevu za mbuzi wa mjomba.

Sinderela (1922)

*Muda.* Dakika kumi na ushee. Unaweza kuitazama mara mbili kabla ya chai kupoa, na ya pili ndiyo tamu.

*Ngano.* Hii ni Sinderela ya ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano za Kijerumani, wala si ile ya boga na kiatu cha kioo ambayo wengi wetu tuliikuta kwenye vitabu vya picha. Hakuna bibi mwenye kijiti cha ajabu. Kuna kaburi la mama, na mti ulioota hapo ndio unaomvisha binti. Kuna ndege wanaokuja kumsaidia kuchambua nafaka. Msikilizaji wa ngano zetu hatapata shida hapa: yatima anayenyanyaswa na mama wa kambo, ambaye kaburi la mama yake halimwachi peke yake, tunamjua. Anaishi kwenye hadithi zetu nyingi, ila sisi tumempa mto na mbuyu.

Reiniger hakuiongeza chumvi ngano hii wala hakuilainisha. Aliifupisha hadi ikabaki mifupa, na mifupa hiyo inacheza.

*Sauti na lugha.* Ni filamu bubu. Maandishi machache hujitokeza kati ya picha, na muziki unategemea nakala uliyoipata. Hapa ndipo ninapotaka usimame nami kidogo. Wengi wakisikia "filamu bubu" hurudi nyuma, wakidhani watoto watasinzia. Kwetu mimi naiona kinyume. Filamu isiyosema Kiingereza wala Kijerumani imekuachia wewe kazi ya fanani, yaani msimuliaji. Niliwakalisha watoto wa dada yangu mkekani, nikazima sauti kabisa, nikaanza: "Paukwa!" Wakajibu "Pakawa!" kwa nguvu, na kuanzia hapo mama wa kambo akasema kwa sauti ya bibi yao, njiwa wakasema kwa sauti ya mtoto wa pili, aliyejipa kazi hiyo mwenyewe bila kuombwa. Hakuna kati yao aliyeuliza kwa nini watu hawasemi.

*Ya kutisha au kukwaza.* Lipo moja, na usikutane nalo bila kujiandaa. Kama ilivyo kwa Grimm, dada wa kambo anakata mguu wake kwa kisu ili kiatu kimtoshe. Ni karatasi nyeusi, damu haimwagiki ukaiona, lakini kisu ni kisu. Na mwishoni mama wa kambo hasira zinampasua vipande viwili. Mtoto wa miaka saba alicheka sana hapo. Wa miaka minne alinitazama mimi kwanza aone kama nacheka.

*Ufundi.* Kama unataka kujifunza, thamani ya filamu hii iko mwanzoni kabisa: unaona mikono na mkasi, karatasi inazunguka, na kutoka kwenye karatasi anatoka binti. Reiniger alikuwa na namna yake ya kukata. Mkono ulioshika mkasi haukuhangaika; ule wa pili ndio uliozungusha karatasi, kwa kasi, na mkasi ukala mstari. Alikuwa hajafikisha miaka 24, na tayari mtu huoni mahali alipositasita. Kingo za picha nazo si mraba safi. Zimechanwachanwa, utadhani unachungulia kupitia tundu la karatasi.

Mwanamfalme Achmed (1926)

*Muda.* Dakika 65 hivi, katika sehemu tano. Igawanye. Hakuna sheria inayosema itazamwe kwa mkupuo, na kila sehemu inaisha mahali ambapo mtoto atakuuliza "halafu?", kama Shahrazad, msimulizi wa Alfu Lela Ulela, alivyomfanyia mfalme wake.

*Ngano.* Hapa tuko nyumbani kidogo. Alfu Lela Ulela imesomwa kwa Kiswahili vizazi na vizazi, na Harun al-Rashid tunamjua hata kupitia visa vya Abunuwasi. Reiniger alichukua visa kadhaa akavishona kuwa kimoja: farasi anayeruka, Ahmed na Pari Banu, na Aladini na taa yake. Mchawi anamletea khalifa farasi wa ajabu. Khalifa anamwahidi malipo yoyote ayatakayo, naye anamtaka Dinarsade, binti wa khalifa. Achmed, kaka wa binti, anakataa. Mchawi anamlaghai apande farasi, na farasi anapaa na mtu asiyejua namna ya kumshusha. Anakuja kutua kwenye visiwa vya Wak-Wak, anampenda Pari Banu, mtawala wa majini wa huko, na kutoka hapo ni China, mlima wa moto, taa iliyoibwa, vita.

Nisimame kwenye jina hilo, Wak-Wak, kwa sababu lilinifanya niketi wima. Waandishi wa Kiarabu wa zamani waliliandika sana, kila mmoja akiiweka nchi hiyo ng'ambo ya mwisho wa bahari aijuayo. Buzurg ibn Shahriyar, aliyekusanya hadithi za manahodha katika karne ya 10, anasimulia watu wa Wakwak waliokuja kwa vyombo vingi kuushambulia mji wa Kanbalu, na wanahistoria wengi wanaihusisha Kanbalu na Pemba. Kwa hiyo kisiwa cha majini cha filamu iliyotengenezwa Potsdam, Ujerumani, kina mzizi kwenye soga za mabaharia wa bahari yetu hii. Sijui mtoto yeyote wa pwani asiyestahili kuambiwa hivyo kabla taa haijazimwa.

*Sauti na lugha.* Bubu pia, yenye maandishi kati ya picha. Tofauti na Sinderela ni muziki. Wolfgang Zeller aliutunga mahususi kwa ajili ya filamu hii, na Reiniger alipima miondoko ya baadhi ya maonyesho ili yaende nao. Usiuzime. Simulia, lakini juu ya muziki, kama msimulizi anayejua kunyamaza ngoma ikipanda. Ukiweza tazama peke yako kwanza, uyaandike maandishi yale kwa Kiswahili kwenye kipande cha karatasi. Yanatosha ukurasa mmoja au miwili, na usiku wenyewe hutakwama.

*Ya kutisha au kukwaza.* Hapa orodha ni ndefu kidogo, na nasema wazi.

Majini wa Wak-Wak wanatisha kweli. Pambano la mchawi na bibi wa mlima wa moto, wanapogeuka wanyama mmoja baada ya mwingine, simba, nyoka, ndege, na mwisho kurushiana moto, lilimfanya yule wa miaka minne aondoke mkekani. Alirudi, lakini kwenye mapaja yangu.

Pari Banu anaonekana akioga ziwani. Ni kivuli, lakini umbo ni la mtu aliyevua. Achmed anaficha vazi lake la manyoya ili asiweze kuruka kurudi kwao. Ngano za kuiba vazi la binti wa majini ziko duniani kote, na zote zinadai mazungumzo baadaye. Mimi niliisimamisha filamu hapo nikawauliza: je, amefanya sawa? Mkubwa wao, wa miaka 11, alisema angemrudishia manyoya kwanza ndipo amwombe abaki. Tukaendelea.

Halafu kuna mchawi. Kwenye maandishi ya filamu anaitwa mchawi wa Kiafrika. Mtoto wetu atauliza kwa nini, na wangu aliuliza. Jibu la kweli ni kwamba jina hilo lilikuja na ngano: katika simulizi ya Aladini mchawi anatoka Maghreb, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, na Antoine Galland alipoiandika kwa Kifaransa mwanzoni mwa karne ya 18 alimwita mchawi Mwafrika. Reiniger aliliokota lilivyo. Ana vidole virefu na mwendo wa kunyapa, ndiye muovu, na yeye pekee ndiye anayetambulishwa kwa bara letu. China nayo imechorwa kama Mzungu wa 1926 alivyoiwazia. Sioni sababu ya kulificha wala ya kuitupa filamu. Ukisimulia kwa Kiswahili mwite "mchawi wa Maghreb", ndivyo ngano yenyewe ilivyo, na mkubwa anayeuliza mpe historia nzima. Anaimudu.

*Ufundi.* Hapa naweza kukesha nikisimulia. Mwaka 1923 Ujerumani ilikuwa imeelemewa na mfumuko wa bei. Pesa ya asubuhi haikuwa na maana jioni. Tajiri mmoja mwenye benki, Louis Hagen, alikuwa amenunua shehena ya filamu ambazo hazijapigwa picha, kuokoa fedha zake zisiyeyuke. Akamwambia Reiniger: tengeneza filamu ndefu. Akampa dari ya juu ya gereji yake huko Potsdam. Paa lilikuwa chini, meza ya kioo ikabidi iwe karibu na sakafu, na Reiniger akawa anapiga magoti juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari la zamani. Miaka mitatu. Mumewe Carl Koch alikuwa kwenye kamera. Walter Ruttmann alishughulikia moto na maajabu ya uchawi, Berthold Bartosch mawimbi ya bahari. Picha zilizopigwa zilifika 250,000 hivi, na zilizoingia kwenye filamu hazikufika 100,000.

Waliweka vioo tabaka juu ya tabaka, kila kimoja na mandhari yake ya karatasi laini zinazopitisha mwanga, ili kilicho mbali kionekane cha mbali. Disney waliitumia mbinu ya namna hiyo kwa mashine yao kubwa, zaidi ya miaka kumi baadaye. Filamu ilionyeshwa Berlin tarehe 2 Mei 1926, yeye akiwa na miaka 26.

Ukitazama tafuta toleo lililokarabatiwa lenye rangi. Filamu ya asili ilitiwa rangi nzimanzima, usiku buluu, moto mwekundu. Mkanda wake mama uliangamia Berlin mwaka 1945, na kilichotuokoa ni nakala iliyobaki Uingereza. Nakala za mtandaoni zilizofifia, nyeusi na kijivu, zinakunyima nusu ya kazi: vipande vya nakshi kwenye vazi la khalifa, matundu madogo ya sindano yanayopitisha mwanga, vyote vinageuka doa.

Filamu fupi za London (1953–1955)

*Muda.* Dakika kumi hivi kila moja. Ni kipimo cha hadithi ya kulalia.

*Ngano.* Hapa chaguo ni lako kama sahani ya matunda. Kuna za Grimm: Hansel na Gretel, Mwanamfalme Chura, Mrembo Aliyelala, na yule fundi cherehani shupavu aliyeua saba kwa pigo moja, saba wenyewe wakiwa nzi. Kuna za Andersen, mwandishi wa ngano wa Denmark, kama Thumbelina. Kuna Paka Mwenye Viatu vya Buti, na Jack na mharagwe wake. Kuna Sinderela kwa mara nyingine, miaka zaidi ya 30 baada ya ile ya kwanza. Na alirudi Baghdad: Aladini, farasi wa ajabu, na khalifa aliyegeuka korongo, kisa cha mwandishi Mjerumani Wilhelm Hauff.

Huyo khalifa korongo nampenda kwa namna ya pekee. Yeye na waziri wake wanapata unga unaowageuza mnyama wanayemtaka. Sharti ni moja, wakishageuka wasicheke, wakicheka watalisahau neno la kuwarudisha. Wanacheka. Waziri mwenye heshima zake zote amebaki na miguu miwili myembamba na mdomo mrefu, na Reiniger anajua korongo anavyotembea: goti linapanda, linasita hewani, mguu unashuka polepole. Watoto waliokua karibu na bwawa au mashamba ya mpunga wanamtambua mara moja, na watainuka kumwigiza.

Kwa ujumla ngano hizi ni za mtu aliyekwisha kupita vitani. Reiniger na Koch waliondoka Ujerumani ya Hitler katika miaka ya 1930, wakahangaika nchi hadi nchi kwa kukosa kibali cha kudumu, wakarudi Berlin wakati wa vita kwa ajili ya mama yake mgonjwa, na mwaka 1949 wakahamia London. Baadaye kampuni iliyotengeneza filamu hizi fupi iliendeshwa na mtoto wa yule yule Louis Hagen wa gereji ya Potsdam. Roho ya Reiniger sasa ni ya upole zaidi. Ile Sinderela ya kisu hutaikuta.

*Sauti na lugha.* Zina msimulizi, na msimulizi anasema Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza shuleni ni faida: sauti iko taratibu, picha inaeleza neno. Muziki wa gitaa wa Freddie Phillips ni mtulivu. Lakini kiti cha fanani kimekwisha kukaliwa. Ukitaka kusimulia mwenyewe itakubidi uzime sauti, na muziki utaondoka nayo. Kwa watoto wa Ulaya na Marekani Kaskazini ambao wazazi wao wanapigana Kiswahili kisipotee nyumbani, hilo si jambo dogo.

*Ya kutisha au kukwaza.* Machache. Majitu na wachawi wapo, kama ngano inavyotaka, ila hawakai muda mrefu.

*Ufundi.* Miondoko ni laini kuliko ya 1922, miili ya wanyama hasa. Ile ya fundi cherehani ilipata tuzo Venice mwaka 1955. Nyingi ni nyeusi na nyeupe. Ya Jack ina rangi. Bajeti na ratiba ya televisheni zinaonekana lakini, kwa mwenye jicho: mandhari ni mepesi, na ule utajiri wa tabaka juu ya tabaka wa Achmed haupo.

Basi, kwa hali yako

Una mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, na anaogopa giza: chukua za London. Anza na yenye wanyama, paka au korongo. Achmed ngoja hadi afike saba au nane, na hata hapo umpe sehemu moja kwa usiku.

Una darasa la watoto wa rika mchanganyiko, chumba kimoja, projekta ya kuazima na dakika 40: onyesha Sinderela ya 1922 mara mbili. Mara ya kwanza wewe unasimulia. Mara ya pili wao.

Mwanao anasoma Kiingereza na unataka masikio yake yazoee: za London, bila kusita. Unataka Kiswahili chake ndicho kikue: moja kati ya zile mbili bubu.

Wewe ni mtu mzima, hujaalika mtoto, na una jioni moja tulivu: zima simu, tafuta Achmed yenye rangi, iache ikupeleke. Kama uliisoma Alfu Lela Ulela ukiwa mdogo, utajikuta unasahihisha: "Aa, huyu hakutokea hapa!" Ni kweli, Reiniger ameungaunga. Mpe nafasi. Wasimulizi wetu nao hawakuacha ngano kama walivyoikuta.

Umeguswa na suala la mchawi Mwafrika kiasi kwamba litakuharibia usiku: anza na Sinderela. Kwenye zile za London pia utamkuta Aladini, lakini unaweza kumruka.

Unasoma sanaa, au unafundisha uhuishaji kwa simu: unazihitaji zote tatu, kwa mfuatano wa miaka, ili uone mkono ule ule ukijifunza, ukifika kilele, kisha ukitulia. Wanafunzi waanzie Sinderela kwa sababu ndiyo wanayoweza kuijaribu kesho yake.

Na kama kuna mtoto nyumbani ambaye baada ya kutazama ameshaanza kutafuta mkasi, usimzuie. Boksi la sabuni linatosha kwa kikaragosi, waya wa stovu au uzi mgumu kwa maungio. Kioo cha dirisha la zamani juu ya matofali mawili, karatasi ya kuokea juu yake, tochi chini, simu ikiwa imefungwa juu ikitazama chini. Asianze na picha 24 kwa sekunde, atakata tamaa. Picha 12 zinatosha, yaani sekunde kumi ni picha 120. Mkubwa wa dada yangu alizimaliza kwa mchana mmoja wa Jumamosi. Alimtengeneza mbuzi. Taya lake la chini alilifunga kwa waya peke yake ili litafune, na kila alipolisogeza alishusha pumzi kwanza, asije akatikisa meza.